Joto Nyuma ya Bodi

Kompyuta ilizima Wanjira akiwa katikati ya sentensi.

Alikuwa amevaa visikizio, mgongo wima kama aliyesimamishwa mbele ya matroni, akiieleza kamera kwa Kiingereza jinsi muuguzi anavyompokea mgonjwa anayelia. Hakukuwa na mlio wala onyo. Skrini iliingia giza tu, na humo gizani akauona uso wake mwenyewe, mdomo ungali wazi.

"Imezima tena," aliita.

Mumewe, Nthiwa, alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye fulana. Alikigusa kile kisanduku cha chuma mezani, akakiinamia kama mtu anayesikiliza mlangoni, kisha akabonyeza kitufe. Haikuwaka.

"Iache ipoe kwanza."

"Hiyo ndiyo unasema kila siku. Siku ya mtihani nitaambia hao Wazungu waiache ipoe?"

Mtihani wenyewe ulikuwa wa lugha. Hospitali moja ya kaskazini mwa Uingereza ilikuwa tayari kumchukua Wanjira, muuguzi wa miaka mingi katika wodi moja ya hospitali ya Upper Hill, Nairobi, ila kwanza athibitishe Kiingereza chake. Vituo vya mtihani vya mjini vilikuwa vimejaa kupita tarehe aliyopewa. Kilichobaki ni kuufanyia nyumbani kwao mtaa wa Jamhuri, chumbani, mlango umefungwa, bila mtu mwingine ndani, kompyuta ikimrekodi uso, sauti na skrini kwa wakati mmoja. Ikizima, mtihani umekufa, na nafasi ile haingemngoja ajaribu tena.

Kompyuta hiyo Nthiwa aliiunda mwenyewe kwa vipande vya mitumba, mwaka ambao binti yao Kasyoka aliingia sekondari. Kisanduku kidogo alikipata kwenye ofisi iliyokuwa ikitupa vyombo. Kwa kazi za shule ilitosha. Lakini programu ya mtihani iliifanya ihangaike kama punda aliyepakiwa mizigo ya wawili.

"Baba Kasyoka," Wanjira alisema akivua visikizio. "Niambie ukweli. Itatengenezeka?"

"Nitaangalia."

"Umeangalia wiki nzima."

"Nitaangalia tena."

Jumamosi mchana alifika Mwaura, kaka yake Wanjira, aliyekuwa na cheo katika kampuni ya bima. Alikuwa amebeba kompyuta ya ofisi, nyembamba kama daftari la shule. Aliiweka mezani kando ya kile kisanduku cha chuma, akavitazama vyote viwili akitabasamu.

"Shemeji, hii yako ipeleke makumbusho."

Nthiwa alicheka kidogo, kwa adabu. Kasyoka, aliyekuwa amemaliza shule na kukaa nyumbani akingoja matokeo, hakucheka.

Waliiwasha ile ya Mwaura. Iliwaka upesi na kwa uzuri, lakini walipotaka kuiwekea programu ya mtihani iliwadai nywila ya ofisini. Mwaura aliingiza yake. Ikakataa. Akaingiza tena. Mwishowe alimpigia simu kijana wa kompyuta wa ofisi yao, na kwa kuwa simu ilikuwa na sauti kubwa, sebule nzima ilimsikia.

"Haiwezekani, boss. Hizo machine tumefunga. Hata wewe hauwezi kuweka kitu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, boss," kijana alisema, na kicheko chake kilisikika kabla simu haijakatwa.

Mwaura aliifunga kompyuta yake polepole. Aibu ilimzunguka kidogo, ikatafuta pa kutua, ikatua kwa shemeji yake.

"Lakini na wewe pia, shemeji. Si ulikuwa na saiba kubwa ya intaneti pale mjini? Kompyuta zimejaa ukumbi mzima. Leo nyumba yako haina hata moja ya kumpitisha dada yangu mtihani."

Nthiwa aliangalia mikono yake.

"Mwaura," Wanjira alisema, "kunywa chai, inapoa."

Mwaura alipoondoka, Nthiwa alitandika gazeti mezani na kufungua kile kisanduku kwa mara nyingine. Vumbi alikuwa ameshalipuliza. Ile krimu ya kupitisha joto juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, alikuwa ameshaifuta na kupaka mpya. Feni ya mbele ilizunguka vizuri. Aliwasha mashine, akaipa kazi nzito, akaanza kupapasa kila mahali kwa kiganja, hivyohivyo kama alivyofanya zamani saiba ilipokuwa na joto la watu na mashine kwa pamoja. Mbele, juu ya prosesa, palikuwa na uvuguvugu tu.

Kisha akapeleka mkono upande wa pili, kwenye bati la nyuma. Kiganja kiliruka chenyewe.

Akaelewa papo hapo. Ile bodi kubwa inayobeba kila kitu ilikuwa imesimamishwa karibu mno na ukuta wa bati. Joto la prosesa na la vile vipande vidogo vinavyoilisha umeme lilikuwa likipenya hadi mgongoni mwa bodi, likikuta bati, likikosa pa kwenda. Feni ya mbele ingepuliza hadi kiama isiifikie sehemu hiyo. Dawa ilikuwa nyepesi: kukata tundu kwenye bati, nyuma ya prosesa, na kufunga hapo feni nyembamba ya kuupuliza mgongo wa bodi. Kazi ya alasiri moja.

Nthiwa alizima mashine. Akachukua kifuniko, akaanza kukirudisha.

"Umepata?" Kasyoka aliuliza. Alikuwa nyuma yake, kitambaa cha vyombo begani.

"Bado."

Msichana alinyoosha mkono akaligusa bati. Akautoa haraka. "Baba, huku nyuma kunachoma."

"Ni kawaida."

"Kawaida aje? Na huku mbele ni baridi?"

"Kasyoka, enda umalize vyombo."

Na jioni, Wanjira alipouliza wakila, Nthiwa alimwambia bado hajajua shida iko wapi. Kasyoka alimtazama baba yake kwa muda, kisha akaendelea kula.

Hakuwa mtu mbaya, Nthiwa. Hata uongo wenyewe haukumkaa vizuri mdomoni. Lakini alikuwa na jambo alilolijua ambalo watu wengi hawalijui, na alilijulia pale saiba.

Miaka ile intaneti ilikuwa kitu cha kupandia ngazi. Watu walikuja ghorofa ya pili, karibu na Moi Avenue, wakaketi kwenye benchi wakingoja mashine kama wanavyongoja daktari. Wengi walikuja kwa ajili ya waliokwenda mbali. Akina mama wa Kangemi na Dagoretti waliovalia nguo za kanisani siku ya kazi, wakimwomba Nthiwa awafungulie barua na awasomee. Vijana waliotuma picha kwa wachumba wao waliokwenda kusoma. Mwanzoni barua zilikuja kila wiki, ndefu, zimejaa theluji na maduka. Halafu zikawa za mwezi. Halafu salamu za Krismasi. Palikuwa na mzee mmoja, fundi viatu, aliyekuja kila Ijumaa na kusimama tu mlangoni, kofia mkononi, asiingie. Nthiwa angemfungulia sanduku lake la barua, atazame, na kutikisa kichwa. Mzee angeshukuru na kushuka ngazi. Mke wake alikuwa Marekani akilea wazee wa watu. Mzee aliendelea kuja hata watu walipoacha kumwuliza.

Kisha simu zikaingia kila mfuko na benchi ikabaki tupu. Nthiwa alifunga saiba, akauza mashine moja moja, na tangu hapo nyumba ilisimama kwa mshahara wa Wanjira na vijikazi vyake vya hapa na pale, redio ya huyu, pasi ya yule. Hakuwahi kumsikia mkewe akilalamika. Lakini kila alipoutazama mlango wa chumba chenye kompyuta, alimwona yule fundi viatu na kofia yake.

Jumatatu Kasyoka alimkuta akianika nguo nyuma ya nyumba. Alichukua vibanio, akaanza kumpokeza kimoja kimoja.

"Baba, kama hutaki Mum aende, si umwambie."

Nthiwa alikung'uta shuka.

"Umwambie wewe mwenyewe," Kasyoka aliendelea. "Usiachie kompyuta ikusemee."

"Nani amekuambia sitaki aende?"

"Hakuna. Hata mimi sitaki aende. Nilimwambia. Alilia, na mimi nikalia, tukamaliza."

"Mkamaliza?"

"Eee. Sasa ni wewe umebaki."

Aliweka kopo la vibanio juu ya mawe, akaingia ndani. Nthiwa alibaki na shuka lenye maji mikononi. Lilimlowesha viatu bila yeye kusikia.

Wanjira alirudi kutoka kazini mchana, akavua viatu mlangoni. Nthiwa alikuwa amemwekea maji ya vuguvugu yenye chumvi kwenye beseni, kama siku zote akitoka zamu ndefu. Alitumbukiza miguu, akafumba macho.

"Shida ni nyuma ya bodi," Nthiwa alisema. "Joto linajifungia pale. Nilijua tangu Jumamosi."

Macho ya Wanjira yalibaki yamefumbwa. Vidole vya miguu vilitikisika ndani ya maji.

"Na hukusema."

"Sikusema."

"Kwa nini?"

Nthiwa alivuta kigoda, akaketi chini kuliko yeye. "Pale saiba nilisomea watu barua miaka mingi. Nilikuwa naziona zikianza, naziona zikiisha. Mwenye kwenda anakuwa na mengi ya kuona. Mwenye kubaki anakuwa na mlango tu, wa kuangalia."

"Na mimi umeniweka na hao."

"Sijui nikuweke wapi. Sijawahi kukaa bila wewe nikajua."

Wanjira akafumbua macho. Hakuwa amekasirika, na hilo Nthiwa aliliogopa zaidi.

"Hii miguu unaiona?" alisema. "Nimezungukia wodi moja tangu Kasyoka hajazaliwa. Nimeona wasichana niliowafundisha kudunga sindano wakienda, mmoja mmoja, wakinitumia picha. Sikuenda kwa sababu ya mtoto. Halafu kwa sababu ya mama yangu. Halafu kwa sababu yako, saiba ilipofungwa, nikasema nikienda sasa atadhani namtoroka. Sasa mama tumemzika, mtoto amemaliza shule. Siendi kwa sababu nimechoka na wewe. Naenda nikiwa bado na nguvu ya kurudi."

Nthiwa aliinamisha macho kwenye beseni.

"Ukiamua usiitengeneze, sitakuaibisha mbele ya watu. Mwaura nitamwambia ilikataa. Lakini mimi nitajua, na wewe utajua kwamba najua. Halafu tutazeeka na hiyo kitu hapa ndani."

Kutoka nyumba ya pili ilisikika mashine ya kutoboa zege, ikanguruma, ikanyamaza. Nthiwa alichukua taulo, akaukausha mguu mmoja, kisha wa pili, kama kwamba hakuna kilichosemwa.

"Kesho uko ofu, huna zamu?"

"Niko ofu."

"Basi twende mjini. Nataka feni nyembamba."

Hawakuwa wamekwenda mjini pamoja, bila harusi wala matanga wala safari ya benki, kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuukumbuka. Walitembea Moi Avenue wakiwa wameachana kidogo kama wanandoa wa zamani, Wanjira akishika mkoba kwa mbele. Walipofika kwenye jengo la saiba, Nthiwa alitaka kupita. Wanjira ndiye aliyesimama.

"Tupande."

"Hakuna kitu huko."

"Tupande tu."

Ngazi zilikuwa zilezile, zimelika katikati. Juu, ukumbi ulikuwa umegawanywa kwa mbao kuwa vibanda vidogo vidogo: wigi, vifuniko vya simu, kucha za bandia, muziki tofauti kila hatua. Nthiwa alijaribu kupima kwa macho kaunta yake ilikuwa wapi. Alitambua nguzo moja tu. Wanjira alipenya hadi mwisho, kwenye kibanda kilichokuwa na dirisha.

"Nilikuwa nakaa hapa," alisema. "Na sweta juu ya yunifomu ya chuo, matroni asije akaniona."

"Ile ya dirishani ilikuwa ya polepole kuliko zote."

"Ndiyo nilikuwa naitaka. Nikisema mashine imekwama unanikujia."

Nthiwa alimtazama. "Ulikuwa unasema imekwama na haijakwama?"

"Na wewe si ulikuwa unaniongezea dakika? Nalipa nusu saa, nakaa mpaka mnafagia. Ulidhani sijui?"

"Nilidhani hujui."

"Nthiwa, nilikuwa nasomea kazi ya kuhesabu mapigo ya moyo kwa saa ya mkono."

Walicheka, kwanza kwa kujizuia, kisha ikawashinda. Msichana mwenye kibanda aliinua kichwa kutoka kwenye simu. "Mnanunua ama mnaangalia tu? Mnanizibia wateja."

"Pole, mami," Wanjira alisema, akajifuta macho kwa kiganja. Walishuka ngazi wakiwa karibu zaidi kuliko walivyopanda.

Luthuli Avenue, mbele ya duka la vipuri lililobanwa na maduka ya spika, Nasim, mama mwenye duka, alikuwa ameketi palepale pake pa zamani, nyuma ya kaunta ya kioo, ila sasa kwenye kiti chenye mto. Kompyuta za kwanza za saiba zilitoka dukani kwake. Alimtazama Nthiwa juu ya miwani.

"Nthiwa wa saiba. Umezeeka."

"Shikamoo, Mama. Wewe hujazeeka."

"Mimi niliacha kuangalia kioo. Na huyu ni yule msichana wa chuo cha uuguzi?"

"Ndiye."

"Alikuwa anakusumbua na printa, nakumbuka." Alimpa Wanjira mkono. "Sasa unataka nini? Usiniambie ni kompyuta, siku hizi hao vijana wote wanauza simu."

Nthiwa alimweleza: prosesa inapoa mbele, lakini mgongo wa bodi unaungua, anataka feni nyembamba ya kuupuliza. Nasim alisikiliza bila kumkatiza. Aliinama chini ya kaunta, akatoa katoni ya vitu vilivyotolewa kwenye amplifaya zilizokufa, akachambua kwa kidole mpaka akapata feni ndogo, nyembamba kama kipande cha sabuni iliyotumika. Aliiunganisha kwenye umeme wa mezani, akaishikia karibu na shavu lake kusikia upepo.

"Hii. Haina kelele." Kisha akamwuliza Wanjira, "Ni ya nini hasa?"

"Mtihani, Mama. Nikipita naenda Uingereza."

Nasim aliendelea kuishikia feni shavuni. "Watoto wangu wote wako Toronto. Kila Jumapili tunaonana kwa simu. Wananiambia njoo, njoo." Alichomoa waya. "Jumapili tu. Jumatatu mpaka Jumamosi ndiyo kazi. Huyu atafanya nini Jumatatu?"

Alimwonyesha Nthiwa kwa kidevu. Nasim aliifunga feni kwa gazeti, na Nthiwa alipotaja urafiki wa zamani ili apunguziwe, yule mama alitikisa kichwa.

"Bei ni bei. Ukirudi wewe peke yako tunywe chai, hiyo ni bure."

Walitumia siku iliyofuata yote. Nthiwa aliing'oa bodi kwa uangalifu, akaiweka juu ya taulo kitandani. Kwenye bati tupu alichora duara kwa penseli, nyuma kabisa ya mahali prosesa inapokaa. Alitoboa vijitundu mfululizo kuuzunguka mchoro, kimoja baada ya kingine, Kasyoka akilishika bati lisicheze, mpaka kipande cha katikati kikaachia na kuanguka sakafuni. Kingo alizipiga tupa, akazizungushia utepe ili zisikwaruze. Kisha akatumia muda mrefu na brashi ya rangi, akifagia chenga za chuma.

"Si imetosha?" Wanjira aliuliza kutoka mlangoni.

"Chenga moja ikibaki inaua bodi yote."

Feni aliifunga kwenye tundu, ikiielekea bodi bila kuigusa, akaweka vipande vya raba ya kandambili ili isitetemeke. Kifuniko cha upande huo hakukirudisha. Alikisogeza kisanduku mbali na ukuta, akakiinua juu ya vipande viwili vya mbao kipate hewa.

Wanjira aliketi, akavaa visikizio, akaanza mtihani wa majaribio tangu mwanzo. Alimpokea mgonjwa anayelia, akamliwaza, akamweleza daktari. Akasoma, akaandika, akasikiliza sauti za Wazungu wanaoongea upesi. Nthiwa na Kasyoka walisimama ukutani kama watu walio kanisani. Mwisho ulipofika, skrini ingali inawaka, Nthiwa alipeleka kiganja nyuma. Palikuwa na vuguvugu la kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani.

"Gusa," alimwambia mkewe.

Wanjira aligusa. Aliacha mkono pale kwa muda, upepo mdogo ukimpita kati ya vidole.

Asubuhi ya mtihani, Mbugua wa nyumba ya pili alikuwa na mafundi wake tayari, wakitoboa zege la vyumba vya kupangisha. Nthiwa alizunguka kwa lango, akamkuta Mbugua ameketi kwenye kiti cha plastiki, kikombe cha uji mkononi, mafundi wamemzunguka wakipokea maagizo.

"Bwana Mbugua, naomba wapumzike kidogo. Mama Kasyoka ana mtihani, na kelele zikisikika wanaufuta."

"Mtihani na umri huo?"

"Wa kwenda kufanya kazi Uingereza."

Mbugua aliwatazama mafundi wake, kisha Nthiwa, tabasamu likipanuka. "Kwa hivyo bibi anapanda ndege, na wewe mwanamume unabaki kupika?"

Mafundi waligeuka kumtazama. Nthiwa alikuwa na majibu kadhaa ambayo mwanamume huwa nayo wakati kama huo. Aliyaona yote, akayaacha.

"Ndiyo," alisema. "Mimi ndiye ninabaki."

Alilisema bila unyonge na bila ukali, na Mbugua, aliyekuwa ameshaandaa kicheko, hakupata mahali pa kukiweka. Alikoroga uji wake.

"Haya. Nendeni mkanywe chai," aliwaambia mafundi.

Nthiwa alirudi, akasimama nje chini ya dirisha la chumba, mahali asipoonekana na kamera. Alisikia sauti ya mkewe kwa Kiingereza, na chini yake mvumo mwembamba wa feni. Kuna wakati sauti ilikatika. Ukimya ukaendelea. Nthiwa aliweka mkono ukutani na kugundua kwamba alikuwa akiomba, na kwamba alichokuwa akiomba ni isizime. Kisha Wanjira akaendelea kuongea, tena kwa kasi, kama mtu aliyekuwa akitafuta neno akalipata.

Mlango ulipofunguliwa, Wanjira alisimama kizingitini akiwa na alama za visikizio masikioni.

"Haikuzima," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi karibu nizime. Waliniambia nieleze mahali ninapopakumbuka."

"Ukasema nini?"

"Nikasema pale dirishani, mpaka muda ukaisha," alijibu, akaenda jikoni kunywa maji.

Alipita. Barua ilikuja, zikaja karatasi nyingine, na miezi ikaenda kwa kungojea mihuri. Akaondoka Julai, wakati Nairobi ina baridi ya kujikunyata, watu wakamwambia angalau ataizoea mapema.

Mwaura ndiye aliyewaendesha hadi uwanja wa ndege. Njiani aliongea yeye peke yake, na wote walimshukuru kwa hilo. Mlangoni askari aliwaambia anayeingia ni msafiri tu. Kasyoka alimkumbatia mama yake hadi kofia ya mama ikaanguka. Mwaura aligeuka kutazama magari. Nthiwa alimpa mkewe mkono, kisha akamshika kwa mikono yote miwili. Wanjira akavuta sanduku lake, akaingia.

Walimwona kupitia kioo akiweka mkoba kwenye ukanda wa ukaguzi. Walimwona askari wa kike akimwonyesha kitu, naye akisimama, akikitazama. Kisha wakamwona akigeuka, akiacha sanduku pale, akirudi mlangoni kwa haraka huku akiwaomba watu radhi.

Nthiwa alisogea karibu na mlango. Alifikiri amebadilisha nia, na kwa muda mfupi huo hakujua kama alichohisi ni furaha au hofu.

"Dakika moja tu," Wanjira alimwambia askari, akanyoosha mkono nje ya mlango. Kiganjani mwake mlikuwa na funguo za nyumba: wa lango, wa mlango wa mbele, na ule mdogo wa jikoni. "Ona. Zilikuwa kwa mkoba. Nilikuwa naenda nazo."

Nthiwa alizitazama. Alivikunja vidole vya mkewe, kimoja kimoja, mpaka funguo zikafichika.

"Kaa nazo," alisema. "Ukifika nyumbani nikiwa sokoni, utafungua na nini?"

Askari aliwaambia kuna watu wanangoja. Wanjira alisimama kidogo zaidi. Kisha akazitia funguo kwenye mfuko wa koti, upande wa ndani, akafunga zipu, na kurudi kulichukua sanduku lake.